Gari ni la mmoja, safari ni ya wote

Swali lililovunja urafiki mwingi hapa mjini halihusu mapenzi wala siasa. Ni swali fupi ambalo huulizwa Alhamisi jioni, wakati mipango yote ya safari imekamilika, siku imekubaliwa na mahali pa kulala pamelipiwa: "Sasa, tunakwenda na gari la nani?"

Hapo ndipo kikundi cha WhatsApp, ambacho tangu asubuhi kilikuwa na kelele kama soko la Gikomba, hunyamaza ghafla. Mmoja hukumbuka kwamba gari lake lina mlio wa ajabu kwenye gurudumu la mbele. Mwingine husema lake limeazimwa na shemeji. Wa tatu husoma ujumbe na asijibu. Mwishowe mzigo humwangukia yule asiyejua kukataa. Tunamshukuru wote kwa pamoja, kisha tunaanza kubishana juu ya nyimbo za kusikiliza njiani.

Msomaji mpenzi, leo nataka tulizungumze swali hilo, kwa maana likizo zinapokaribia familia nyingi na wanafunzi wengi hupanga kutoka mjini kwenda kuona milima, maziwa na misitu. Nitatoa mfano wa safari moja ya Isecheno, katika msitu wa Kakamega, ambayo nusura inipotezee rafiki wa miaka mingi. Sehemu yangu katika kisa hiki si ya kujivunia. Lakini wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ni heri wewe ushtuke kabla hujaumwa.

GARI LA MWALIMU

Tulikuwa watano, marafiki tangu siku za chuo. Mmoja wetu hufundisha bayolojia katika shule ya upili, na kwa kuwa sote humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Wa pili ni dada mhasibu, mtu wa maneno machache. Wa tatu hufanya kazi katika kampuni ya bima, wa nne ni muuguzi, na wa tano ni mimi.

Kati yetu palikuwa na magari mawili tu. Mhasibu alikuwa na Subaru Forester, gari ambalo tumbo lake limeinuka kama sentimita 20 kutoka ardhini. Mwalimu alikuwa na gari dogo la chini-chini, zuri la kumpeleka mtu kazini na sokoni, alilolinunua kwa mkopo wa SACCO. Mkopo huo alikuwa bado akiulipa kila mwisho wa mwezi.

Swali la gari lilipoulizwa, Mhasibu alisema kwa ufupi kwamba Forester yake "inakunywa sana." Hakuna aliyemuuliza inakunywa kiasi gani, wala nani angelipia kinywaji hicho. Macho yote yakamgeukia Mwalimu. Naye, kwa roho yake ya kawaida, akasema, "Basi twende na kangu, tutajibana." Kila mmoja akamtumia shilingi 1,000 kwa M-PESA, tukajiona watu waungwana sana.

Tuliondoka Nairobi Jumamosi moja ya mwezi wa Agosti, saa kumi na moja alfajiri. Tukapitia Nakuru, Mau Summit, Kericho na Kisumu, kisha tukapanda barabara ya Kakamega kupitia Majengo, Mbale na Chavakali. Safari ilikuwa tamu. Tulipofika Khayega, badala ya kukata kulia kuelekea Shinyalu na msituni, tulisema kwanza twende mbele kidogo tukalione Jiwe Linalolia la Ilesi, lile jabali lenye urefu wa mita 40 hivi ambalo maji huteremka usoni mwake kama machozi. Ilesi pia ni kijiji cha wafinyanzi. Muuguzi alinunua vyungu viwili vikubwa na mimi nikanunua kimoja. Buti ilikuwa imejaa mabegi, kwa hiyo vyungu tukavipakata.

Sasa fikiria gari dogo lenye watu wazima watano, mizigo ya siku mbili na vyungu vitatu. Na huku kwa Waisukha mvua haibishi hodi. Mara nyingi asubuhi huwa na jua zuri na alasiri wingu hujaa, ikanyesha. Siku hiyo ilianza saa tisa. Tulipoiacha Shinyalu na kuanza kuingia msitu, udongo mwekundu ulikuwa umelainika kama ugali usioiva.

Kuna mahali maji yalikuwa yamechimba mtaro katikati ya njia na kuacha jiwe limejitokeza. Mwalimu alisimamisha gari, akalitazama lile jiwe kwa muda. Mtu mwenye akili angesema, "Tushuke, gari lipunguze uzito." Lakini mvua ilikuwa inanyesha na viatu vyetu vilikuwa safi. Sauti moja kutoka kiti cha nyuma ikasema, "Kanyaga, Mwalimu, litapita!" Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Akakanyaga. Tukasikia mlio chini ya miguu yetu kama wa sufuria inayokwanguliwa, kisha taa nyekundu ikawaka. Jiwe lilikuwa limepasua sampu, na oili yote ikamwagika katika njia ya msitu.

Vijana wa pale walitusaidia kusukuma, na baadaye likaja gari kubwa la kutuvuta hadi penye nyumba za wageni. Aliyelipa ni Mwalimu. Sisi tulikuwa tunatafuta funguo za vyumba.

MTU ALIYEKWENDA MSITUNI ASIUONE MSITU

Asubuhi iliyofuata ilikuwa njema ajabu. Tuliamshwa kabla ya mapambazuko na kijana mwongozaji, tukapanda kilima cha Lirhanda kwenda kulitazama jua likichomoza juu ya msitu. Ukiwa pale juu unaelewa kwa nini watu hutoka mbali kuja Isecheno. Msitu umetandazwa chini yako na ukungu umelala juu yake. Huu ndio mabaki ya pekee katika Kenya ya msitu mkubwa wa mvua ambao zamani uliungana na ile ya Kongo. Wataalamu wameorodhesha humo zaidi ya aina 300 za ndege na aina 400 hivi za vipepeo. Katika kilima hicho hicho kuna pango lililochimbwa na watafuta dhahabu waliomiminika Kakamega miaka ya 1930. Siku hizi wenye pango ni popo.

Tuliporudi chini tuliwaona mbega weusi kwa weupe wakirukaruka juu ya vichwa vyetu, na kima wenye mikia myekundu. Tuliwasikia hondohondo wakipita na mabawa yenye mvumo kama wa mashine. Tena tukamwona yule ndege mkubwa wa samawati, mwenye kishungi cheusi kichwani na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, akitembea juu ya tawi kama bwana harusi. Tulipiga picha mpaka simu zikaisha moto.

Mwalimu hakuwa nasi. Ndiye aliyeipendekeza Isecheno. Ndiye ambaye kila mwaka huwafundisha wanafunzi wake habari za misitu ya mvua, na alikuwa ametuambia njia nzima kwamba ndege huyo wa samawati hajamwona ila katika vitabu. Asubuhi hiyo alikuwa amelala chali juu ya gunia, chini ya gari lake, akimshikia tochi fundi aliyekuja kutoka mjini Kakamega na sampu kuukuu. Tulipofika tulimwonyesha picha. Akasema, "Ni mzuri kweli," akarudi chini ya gari.

Gari lilipona saa kumi jioni. Jumatatu sote tulikuwa na kazi, kwa hiyo tukaondoka saa hiyo hiyo. Njiani wenyeji walituuzia mkungu wa ndizi kwa bei ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuikataa, nao tukautia ndani.

Tulipopita Kericho giza lilikuwa limeingia na sote tulikuwa tumelala, isipokuwa mshika usukani. Yapata saa tatu na nusu usiku niliamshwa na mtikisiko. Gari lilikuwa limetoka kwenye lami, magurudumu ya kushoto yakipiga kokoto, na taa za trela zikitujia mbele. Rafiki wa bima alipiga kelele. Mwalimu alishtuka, akalirudisha gari njiani, akaendesha kama mita 200 hivi, kisha akalisimamisha kando na kuweka kichwa juu ya usukani.

Tulikuwa karibu na Salgaa. Mkenya yeyote anayesoma magazeti analijua jina hilo. Ni katika barabara hiyo hiyo, pale Migaa, ambapo alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 watu 36 walikufa basi lilipogongana na lori. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo moja. Mhasibu alikuwa na leseni ya kuendesha gari. Muuguzi alikuwa na leseni. Hata mimi nilikuwa nayo mfukoni. Leseni tatu zilikuwa zimelala usingizi wa pono, zikimwachia kazi mtu aliyekuwa amelala chini ya gari tangu asubuhi.

DAFTARI

Tulifika Nairobi salama, tukaagana kwa vicheko. Wiki mbili baadaye Mwalimu alijitoa katika kikundi chetu bila kusema neno. Tukasema labda amebadilisha simu. Mwezi ukapita. Nikampigia, akajibu kwa adabu ile ambayo mtu humpa karani wa benki. Hapo nikajua kuna jambo.

Jumamosi moja nilikwenda kwake Umoja bila kualikwa. Mkewe alinipa chai, akatuacha sebuleni. Nikamuuliza, "Mwalimu, tulikukosea nini?"

Hakujibu upesi. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa daftari la mazoezi kama wanayotumia wanafunzi wake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na yeye huandika kila kitu. Ukurasa wa safari ya Isecheno ulikuwa na mistari mitano: petroli, lita 65 kwa shilingi 180, jumla 11,700. Kuvutwa, 3,500. Sampu, 6,500. Oili ya injini, 3,200. Fundi, 2,000. Yote pamoja ni shilingi 26,900. Chini yake, "Michango ya wenzangu: 4,000." Na chini kabisa, salio alilolipa peke yake: 22,900.

Mwezi ule alikuwa ameshindwa kulipa SACCO, na wadhamini wake walikuwa wamepigiwa simu. Mmoja wa wadhamini hao ni baba mkwe wake.

Nilitazama chini. Nikaanza kusema habari za kumrudishia pesa. Akanikatiza kwa upole. "Pesa ni pesa," akasema, "zingepatikana tu. Lakini nilingoja hata mmoja wenu aniulize, 'Mwalimu, ilikuwa ngapi?' Nilingoja njiani, nikangoja Jumatatu, nikangoja wiki mbili. Mlituma picha za ndege."

Jioni ile niliwapigia wenzangu. Hesabu haikuwa ngumu. Shilingi 26,900 kwa watu watano ni 5,380 kila mtu. Tulikuwa tumetoa 1,000, kwa hiyo kila mmoja wetu wanne alidaiwa 4,380. Dawa ya deni ni kulipa, tukalipa. Lakini aliyenifungua macho zaidi ni Mhasibu. Nilipomweleza, alikaa kimya, kisha akasema, "Unajua kwa nini sikutoa Forester? Nilijua mtanitumia elfu moja moja."

Msomaji, hapo ndipo penye kiini cha neno langu la leo. Gari lililofaa njia ile lilikuwapo. Lilikaa Nairobi siku zote mbili, limefunikwa turubai, kwa sababu mwenye gari alijua fedha hazitazungumzwa. Lililokwenda ni gari la mtu asiyejua kukataa. Sampu haikupasuliwa na jiwe peke yake. Ilianza kupasuka Alhamisi jioni, tulipoona haya kutaja pesa.

HESABU KABLA YA UFUNGUO

Sisi Waafrika tumelelewa kuona kwamba kutaja pesa mbele ya rafiki ni ukosefu wa adabu. Ni malezi mema, lakini petroli haijui malezi. Usione vyaelea, vimeundwa. Ukiona gari la rafiki linakwenda vizuri, jua kuna tairi zinazoisha, breki zinazolika, oili inayobadilishwa na bima inayolipwa, na gharama hizo wewe abiria huzioni.

Fanyeni hesabu pamoja kabla ya ufunguo kuingia. Chukueni umbali wa kwenda na kurudi na mizunguko ya huko huko. Nairobi hadi Isecheno na kurudi tulihesabu kama kilomita 850. Gawanyeni kwa kilomita ambazo gari huenda kwa lita moja likiwa limejaa watu, si likiwa tupu. Gari la Mwalimu lilikwenda kilomita 13 kwa lita. Forester ya Mhasibu, kwa mwendo wake, huenda 9, yaani lita 94 hivi, karibu shilingi 17,000 kwa bei ile ya 180. Ukigawa kwa watano, gari dogo ni shilingi 2,340 kila mtu na Forester ni 3,400. Tofauti ni shilingi 1,060. Kwa kuogopa kutoa elfu moja na kitu, tulipata hasara ya 15,200 za kuvutwa, sampu, oili na fundi.

Je, mwenye gari naye achangie petroli? Wapo wasemao achangie sawa na wengine, kwa kuwa naye anasafiri. Wapo wasemao asichangie, kwa kuwa ametoa gari na litachakaa kwa ajili ya wote. Mimi siku hizi nimeegemea upande wa pili, lakini jambo kubwa ni kukubaliana mapema. Kukubaliana vibaya ni afadhali kuliko kunyamaza vizuri.

Na gari likiharibika? Sisi tuliamua hivi: kikiwa ni kitu kilichokuwa kibovu tangu nyumbani, ni cha mwenye gari. Ikiwa ni uzembe wa mshika usukani, kwa mfano amekwenda kasi mno, ni chake aliyeendesha. Ikiwa ni njia ambayo wote tulitaka kupita, ni cha wote. Sheria hiyo ingekuwapo siku ile, huenda sauti ya kiti cha nyuma isingesema "Kanyaga."

Rafiki yetu wa bima ameniomba niongeze onyo moja. Kuchangia petroli miongoni mwa marafiki ni jambo moja, na kulipisha nauli ni jambo jingine. Bima ya gari la kibinafsi kwa kawaida haiwahusu abiria waliolipishwa nauli. Ukitangaza viti kwa watu usiowajua, ukatoza zaidi ya gharama ili upate faida, ajali ikitokea kampuni yaweza kukugeuzia kisogo, na polisi nao watakuwa na maswali yao. Soma cheti chako cha bima kabla ya kugeuza gari la nyumbani kuwa matatu.

CHAGUA GARI KWA NJIA, SI KWA SIFA

Gari la safari huchaguliwa kwa mambo matatu: njia, watu na mizigo. Kwa Isecheno, njia ya kutoka Nairobi hadi Khayega ni lami. Gari lolote zima litafika. Jaribio liko mwishoni, kwenye vijia vya msituni, hasa mvua ikinyesha. Ikiwa mna gari la chini, si lazima mkae nyumbani. Ondokeni mapema ili mwingie msituni kabla ya mvua ya alasiri, punguzeni watu, na penye mtaro shukeni wote hata kama mmevaa viatu vya harusi. Pale penye shaka liacheni gari kituoni na mtembee. Msitu hutazamwa kwa miguu, haujawahi kutazamwa vizuri kutoka dirishani.

Hesabuni mikanda, si nafasi. Gari lenye mikanda mitano ni la watu watano, na mtoto anahesabiwa kama mtu. Mtoto wa kupakatwa hana kinga yoyote breki zikikamatwa ghafla. Kama familia yenu ni ya watu saba, ni heri gari la viti saba lenye sura ya mkate kuliko gari la fahari ambalo watoto wamepangwa kama dagaa.

Kumbukeni pia kwamba safari ya Magharibi huwa na mizigo zaidi wakati wa kurudi. Ndizi, maparachichi, vyungu, na ukiwa na shangazi huko basi hesabu na kuku. Acheni nafasi ya kuku.

Kuhusu mshika usukani, sisi sasa tuna sheria ya saa mbili. Baada ya saa mbili anapumzika au anabadilishwa, na anayekaa kando yake haruhusiwi kulala. Mabadiliko hayo yakubaliwe na mwenye gari kwanza, na bima iwe inamruhusu mwingine kuendesha. Wala hakuna kazi ya Jumatatu asubuhi inayostahili kupita Salgaa usiku na dereva aliyechoka. Laleni Kisumu, Kericho au Nakuru. Bosi atakasirika siku moja, lakini mtafika.

Nanyi wanafunzi ambao hamna gari wala rafiki mwenye gari, msivunjike moyo. Kuna magari ya abiria ya kila siku kutoka Nairobi kwenda Kisumu na Kakamega. Mkifika, chukueni matatu ya barabara ya Kisumu na Kakamega mshuke Khayega, kisha bodaboda au matatu hadi Shinyalu na Isecheno. Kila mmoja hulipa nauli yake na hakuna anayemdai mwenzake.

SAFARI YA PILI

Desemba iliyofuata tulirudi Isecheno, sisi sisi watano. Nilidhani Mwalimu angekataa, naye alikaribia kukataa. Aliyemshawishi ni Mhasibu, ambaye alikwenda kwake na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono: petroli, nani ataendesha kutoka wapi hadi wapi, pa kulala, na akiba ya dharura ya shilingi 2,000 kila mtu, ambayo ingerudishwa isipotumika. Mwalimu aliisoma karatasi ile kama anayesahihisha mtihani, kisha akaitia sahihi.

Tulikwenda na Forester. Tulilala Kisumu usiku wa kwanza, tukaingia msituni saa tatu asubuhi njia ikiwa kavu. Pale penye jiwe, ambalo bado lipo, tulishuka wote bila kuambiwa. Mhasibu alipita polepole, na Mwalimu mwenyewe akatangulia mbele akimwonyesha njia kwa mikono.

Kesho yake alfajiri tulipanda Lirhanda pamoja. Wakati wa kurudi, karibu na ule mti mkubwa ambao wenyeji huuita Mama Mutere, mwongozaji alisimama na kunyoosha kidole. Juu ya tawi alikuwa yule ndege wa samawati. Sisi wanne tulikuwa tumekwisha kumwona, kwa hiyo tulimtazama Mwalimu. Alisimama mdomo wazi, miwani imeteremka puani, mkono umeshika kofia. Hakupiga picha. Baada ya muda akanong'ona, "Ni mkubwa kuliko nilivyowaambia wanafunzi."

Tulipofika Nairobi Mhasibu alirudisha akiba kwa kila mtu, shilingi 2,000 kamili. Mwalimu alikuwa amekwisha rudi katika kikundi chetu. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa hesabu: alitaka kujua kama petroli ilitosha au Mhasibu ameongeza kutoka mfukoni mwake. Kweli alikuwa ameongeza shilingi 600. Tulizigawa siku ile ile.

Basi, msomaji, ukipanga kutoka na marafiki au jamaa, usingoje Alhamisi jioni. Uliza mapema gari gani linafaa njia hiyo, gharama ni kiasi gani, na kila mtu atatoa nini. Na ukirudi nyumbani, kabla hujatuma picha, mtumie mwenye gari maneno matatu tu: "Ilikuwa ngapi, ndugu?"

Hadi Jumapili ijayo, safiri salama.